Viatu Mlangoni kwa Kakoli

Kila jioni nikitoka stesheni ilinibidi nipite mlango wa Kakoli kabla ya kufika kwetu, na kila jioni nilihesabu viatu. Jumatatu jozi ishirini na sita. Jumatano thelathini na moja. Siku ya jiometri vilifika arobaini, vimerundikana barazani mpaka kwenye ngazi: ndala, viatu vya shule, viatu vya wasichana vyenye maua ya plastiki. Ndani sauti moja inaeleza na arobaini zinaitikia. Mimi nje nina mkoba wangu wa ofisini, miguu imevimba kwa kusimama kwenye treni, na kidole gumba kina wino wa mihuri. Nilifika nyumbani nimejaa wivu, na mama akiniuliza kama nitakunywa chai, namjibu vibaya kana kwamba viatu vile alivivua yeye.

Niseme mapema kwamba wanafunzi wale awali walikuwa wangu. Mimi na Kakoli tulisoma pamoja tangu utoto, tukamaliza shahada ya uzamili ya hisabati mwaka mmoja, mimi wa kwanza darasani, yeye wa tisa. Wa tisa. Tukarudi hapa Chinsurah, mji wetu mdogo nje ya Kolkata, na vyeti vyetu, tukafanya mtihani wa kuajiriwa serikalini, na wakati tunasubiri matokeo mimi nikafungua masomo barazani kwetu, watoto kumi na mmoja wa darasa la saba. Kakoli alikuwa anakaa tu. Matokeo yalipotoka, mimi nimepita, yeye kaanguka kwa alama nne. Nikapata meza katika idara ya ardhi kule Kolkata, na yeye akabaki na watoto wangu kumi na mmoja. Nilimwachia, ndivyo nilivyowaambia watu. Nilimwonea huruma, na sikatai kwamba huruma ile ilikuwa tamu.

Miaka mitatu baadaye utamu ulikuwa umekwisha wote. Muuza samaki alikuwa anamwekea Kakoli kichwa cha samaki, kipande cha heshima, kwa sababu mwanawe aliyekuwa akipata sifuri sasa anapata themanini. Mimi akiniona ananiuliza hati ya kiwanja cha shemeji yake imefikia wapi. Wasichana wakikutana na Kakoli njiani wanainama kumgusa miguu. Wakinikuta mimi wananipisha nipite, kwa adabu, kama wanavyompisha karani yeyote.

Mwezi wa kwanza mwaka huu nikapewa barua ya uhamisho. Cooch Behar, kaskazini kabisa, treni ya usiku kucha na asubuhi juu yake. Natakiwa nijibu kwa maandishi, ama nakubali ama naacha kazi, na siku ya mwisho ya kujibu ilikuwa siku moja baada ya sikukuu ya Saraswati. Nilikaa na barua ile siku tatu. Ya nne nikaandika ya kuacha kazi, nikaitia sahihi, nikamwambia mama kwamba moyo wangu siku zote ulikuwa kwenye kufundisha. Mama alikuwa anachambua dengu. Akasema vizuri, lakini utamfundisha nani, mwanangu, watoto wote wa mtaa huu si wako kwa Kakoli?

Hapo ndipo nilipopata wazo la sikukuu.

Siku ya Saraswati, mungu wetu wa elimu, mwanafunzi yeyote hali kitu mpaka atoe maua mbele ya sanamu na kuyafuatisha maneno ya kuhani. Hasomi, haandiki. Vitabu vyote na kalamu zote zinalazwa miguuni pa sanamu, vile vigumu zaidi vikiwa juu, na haviguswi mpaka kesho yake asubuhi. Kwa hiyo watoto huamka na njaa, wanaoga, wanavaa manjano, wanakwenda panapotolewa maua mapema. Kwetu tangu baba afariki mama alikuwa anaweka kisanamu kidogo na kusoma maneno mwenyewe kutoka kijitabuni. Mwaka huu nikaagiza sanamu refu kufika kifuani kwangu. Nikapika khichuri, mchele na dengu sufuria moja, ya kulisha watu hamsini, na mama akapika achari tamu ya kunazi. Nikawaambia watoto wote niliokutana nao wiki nzima: kwa Sutapa-di maua ni saa tatu asubuhi. Di ni kifupi cha didi, yaani dada, ndivyo wanavyotuita sisi walimu, na nilijitia ile di mwenyewe.

Kilichobaki ni kuhani. Siku hiyo kuhani ni adimu kuliko kitu chochote. Kila nyumba inamtaka, wote wanamtaka kabla saa njema haijapita, na wao ni wachache na baiskeli zao. Mwaka juzi hapa njia panda, penye duka la peremende, akina mama watatu walimshusha kuhani akiwa bado anakanyaga pedali. Kakoli alikuwa ameweka miadi na Mzee Haradhan tangu mwezi uliopita. Nilijua, maana alinieleza mwenyewe, kwa wema wake, kwamba niwahi kutafuta wangu.

Nilisimama njia panda tangu saa mbili, nimevaa sari ya manjano. Mzee Haradhan akatokea, begi la vitabu vyake kwenye usukani. Nikasimama mbele ya gurudumu.

“Baba, leo unaanzia kwetu.”

“Naanzia kwa Kakoli. Watoto arobaini wana njaa pale.”

“Kakoli ndiye aliyenituma. Anasema anzia kwetu, yeye hajamaliza kupanga maua.”

Akanitazama juu ya miwani. “Kasema hivyo?”

“Kasema hivyo.”

Uongo ulinitoka laini kabisa, nikashangaa jinsi ulivyokuwa tayari mdomoni. Nilimshikia baiskeli mpaka kwetu, nikaiingiza mwenyewe uani, nyuma ya tangi la maji, pasipoonekana kutoka barabarani.

Saa tatu kamili alianza. Tulikuwa mimi, mama, na mwanamke wa jirani ambaye hana mtoto anayesoma. Nikamwomba mzee asiharakishe, watoto wako njiani. Akasoma taratibu. Mama akatoa maua. Saa tatu na nusu hakuna mtu. Nikamwomba asome na sala ya nyumba mpya, kwa kuwa tulikuwa tumebandika vigae jikoni. Akasoma. Nikamletea chai, ndizi, na peremende za maziwa. Simu yake alikuwa ameizima tangu jana yake, kama wafanyavyo makuhani wote siku hiyo, na akila huwa hana haraka. Nikatoka langoni nikatazama barabara. Watoto wa manjano walikuwa wanapita, wengi, wote wanaelekea upande wa Kakoli, na wale niliowaalika kwa mdomo wangu walinipungia mkono.

“Hao watoto wako wako wapi?” mama aliuliza saa nne.

Nikamwambia wanakuja. Nilikuwa nimeshapiga hesabu: kwa Kakoli hakuna kuhani, njaa inauma, harufu ya khichuri yangu inafika mpaka kwake, mtoto gani atakaa? Mmoja akihama, kumi watamfuata. Saa nne na nusu ikapita, na saa tano. Saa njema ilikuwa inaisha saa sita na robo. Mzee Haradhan alikwishaanza kuulizia baiskeli yake, nami nikamwongezea ndizi.

Saa tano na robo lango likafunguliwa, akaingia Titli.

Titli alikuwa mmoja wa wale kumi na mmoja. Nilimfundisha hesabu za sehemu kwa kukata ndizi barazani hapo hapo. Sasa yuko darasa la kumi, msichana mrefu, na mtihani mkuu ulikuwa umebakiza siku kumi na mbili. Moyo wangu ulipiga kwa furaha mbaya. Nikamwambia karibu, ingia, utoe maua, chakula kiko tayari.

Midomo yake ilikuwa imekauka. “Sijaja kula, Sutapa-di. Nimekuja kukuuliza kama unamjua kuhani yeyote. Mzee Haradhan hajafika, tumemtafuta mpaka kwake. Wadogo wawili wanatapika maji matupu. Kakoli-di ametuambia tule tu, lakini mtihani huo unakuja, nani atakula? Tumesema tutamsubiri kuhani.”

“Kwa nini hamkuja hapa tangu asubuhi? Niliwaambia.”

“Vitabu vyetu viko kule,” alisema, kama mtu anayejibu swali rahisi.

Kisha akamwona mzee kwenye kona ya baraza, ana ganda la ndizi mkononi. Nilingoja uso wake ubadilike. Ulibadilika, lakini sivyo nilivyoogopa. Alinishika mikono yote miwili.

“Umempata! Didi, wewe umetupatia kuhani.”

Akaanza kulia kwa njaa na furaha, na mimi nikasimama pale mikono yangu imeshikwa. Mama alikuwa amesimama mlangoni na mwiko. Alijua baiskeli iko wapi na nani aliyeiweka. Akaenda uani akaileta.

Tulikwenda mbio, mzee kwenye baiskeli, mimi na Titli tunamsukuma kwa nyuma. Tulipofika kwa Kakoli nikavua viatu juu ya lundo lile nililolihesabu miaka mitatu. Watoto walikuwa wamekaa safu kwa safu sakafuni, manjano tupu, wadogo wamelala mapajani mwa wakubwa. Titli alipaza sauti kwamba Sutapa-di amemleta kuhani. Wakashangilia. Wote arobaini walinishangilia mimi, jina langu, kwa mara ya kwanza, na hicho ndicho kitu nilichokuwa nakitaka kuliko kitu chochote duniani.

Kakoli alikuwa amepiga magoti karibu na sanamu. Mzee Haradhan akaketi, akafungua begi, akasema kwa sauti ya mtu asiye na kosa: “Kakoli, binti yangu, nimefanya kama ulivyosema. Nimeanzia kwa Sutapa.”

Kakoli aligeuza shingo, akanitazama. Tumejuana tangu tukiwa na meno ya utoto, hakuhitaji kuuliza. Nilimwona anaelewa, kidogo kidogo, asubuhi yote: njia panda, baiskeli, harufu ya chakula changu.

“Ndiyo, Baba,” alisema. “Ni mimi niliyesema.”

Hata uungwana alikuwa amenizidi. Nilimchukia wakati ule kuliko siku yoyote ya viatu.

Maua yakatolewa saa sita kasoro. Sauti arobaini zikifuatisha maneno, mimi nyuma kabisa ukutani, midomo inacheza tu. Baadaye Titli akawachukua wakubwa wanne wakaenda kwetu kulibeba sufuria langu, kwa sababu la Kakoli lilikuwa dogo. Mama alilisindikiza mwenyewe, amefurahi, maana chakula chetu kinaliwa. Achari ya kunazi iliisha kabla ya kitu kingine.

Mimi na Kakoli tulikuwa jikoni kwake, anapakua, napokea sahani. Nikamwuliza kwa nini amenifichia aibu.

“Sikukufichia wewe,” alisema bila kuinua macho. “Wana mtihani baada ya siku kumi na mbili. Sitaki waingie na jambo hilo vichwani.”

Akajaza sahani nyingine.

“Mama yako kaniambia unaacha kazi.”

“Ndiyo.”

“Basi chukua nusu. Nasema kweli, Sutapa, koo langu limekwisha, daktari ameshanikataza kusema zaidi ya saa tatu kwa siku. Kuanzia darasa la tisa kwenda juu, wote wako. Njoo Jumamosi uanze, nitawaambia mwenyewe. Hisabati ya juu unaijua kunishinda, hilo sijawahi kukataa.”

Nilikuwa nimeiota siku hiyo miaka mitatu. Niliiota kwenye treni, kwenye foleni ya mihuri, mbele ya majalada ya viwanja vya watu. Sasa imewekwa mkononi mwangu pamoja na sahani ya khichuri, na nilijipapasa moyoni kutafuta furaha nisiione. Nilifikiria watoto ishirini barazani kwetu, kila siku, mwaka hadi mwaka, na makosa yao yale yale. Nikaona uchovu. Nilichokuwa nikikitaka ni Kakoli asiwe nao, basi. Hapo jikoni, kaniachia, na hamu yote imekauka.

“Ila ukiwachukua,” akasema, “usiwaache ngazini tena.”

Hili sikulisema mwanzoni. Nilisema nilimwachia Kakoli watoto, na watu wa mtaa wanaamini hivyo, na kwa muda mrefu hata mimi niliamini. Sikumwachia. Barua ya kazi ilinifikia Alhamisi, nianze Jumatatu. Jumamosi ilikuwa siku ya somo. Nilijua, na asubuhi ile nikapanda treni kwenda Kolkata kununua mkoba na sari za ofisini, kwa sababu sikutaka kuwatazama usoni na kuwaambia. Walikuja saa kumi. Mama alikuwa kwa mjomba, lango limefungwa. Walikaa kwenye ngazi za nje, kumi na mmoja, madaftari mapajani, wiki sita kabla ya mtihani wa mwaka. Kakoli alipita na maziwa yake, akawakuta. Aliporudi tena wakati taa za barabarani zinawaka akawakuta bado, akawachukua kwake. Mtu aliyekaa tu, aliyeanguka kwa alama nne. Mimi nilikuwa nachagua rangi ya mkoba.

Nilimpa sahani ya mwisho msichana aliyekuwa mlangoni, nikatoka. Barazani sikuviona viatu vyangu katika lundo lile na sikukaa kuvitafuta. Nilikwenda nyumbani peku.

Barua ya kuacha kazi ilikuwa miguuni pa sanamu letu, nimeilaza pale asubuhi ipate baraka, juu ya vitabu vyangu vya chuo. Nilinyoosha mkono.

“Haitolewi leo,” mama alisema nyuma yangu, amerudi na sufuria tupu. “Wala huandiki nyingine leo. Uliiweka mwenyewe.”

Kwa hiyo nilikaa nayo mchana kutwa, mimi huku na yenyewe kule, siku pekee katika mwaka ambayo mtu aliyesoma kama mimi haruhusiwi kushika kalamu. Ingekuwa siku nyingine ningeandika barua tatu zinazopingana kabla ya jua kuzama.

Asubuhi tukafanya yale ya mwisho, mtindi na mchele uliopondwa mbele ya sanamu, kisha vitabu vikaruhusiwa. Niliichukua barua, nikaichana vipande vinne. Nikaandika nyingine mistari mitatu: nimeipokea, nakubali, nitaripoti Cooch Behar tarehe iliyotajwa. Sikuiandika kwa ushujaa. Mezani pa ofisi hakuna anayekungoja kwenye ngazi na daftari mapajani, na nilikuwa nimejua mimi ni mtu wa namna gani.

Titli alipita akienda shule, ameshika viatu vyangu.

“Vilibaki peke yavyo mlangoni jana,” alisema. “Kakoli-di anauliza Jumamosi utakuja saa ngapi.”

Ulimi wangu ulikuwa na jibu lake tayari, lile la miaka yote: tutaona. Nikamwambia jioni nitapita niseme mwenyewe.

Barua niliipeleka Kolkata kwa treni ya saa tatu, nikaisimamia mpaka ikapigwa muhuri. Jioni nikatoka stesheni kama kawaida, nikafika mlango wa Kakoli, na ilikuwa siku ya jiometri. Niliweka viatu vyangu ukingoni mwa lundo nikaingia. Kakoli akaacha chaki. Nikawatazama usoni, jambo lililonichukua muda, nikawaambia nimehamishwa, nakwenda mbali, sitawafundisha Jumamosi wala Jumamosi nyingine. Nikawaambia pia kwamba jana kuhani nilimchukua mimi njiani kwa uongo, na njaa yao ilitokana na mimi. Kakoli alifumba macho, kwa sababu ya mtihani wao, lakini nilikwisha kusema.

Mtoto mmoja wa mbele akauliza kama maua ya saa sita kasoro yanahesabika. Kakoli akasema yanahesabika. Titli ndiye aliyesimama, kama wanavyosimama wakijibu darasani.

“Asante kwa kutuambia safari hii, didi,” akasema, akaketi.

Kakoli akaokota chaki yake, akarudi kwenye pembetatu aliyoiacha, sauti inakwaruza vibaya, na wote wakainamisha vichwa kuandika. Wivu uliniuma palepale, ule ule, haukuwa umekwenda popote. Nikatoka barazani. Viatu vyangu mtu alikuwa amevitenga pembeni na vya wengine, kama wafanyavyo kwa mgeni, na kuvigeuza vielekee barabarani.